Mazoezi na Dawa ya Thairoidi: Miguu Ikigoma, Anza na Saa

Asubuhi moja tulikuwa wanawake sita tukipanda kutoka Milimani, Nakuru, kuelekea ukingo wa kreta ya Menengai. Nilikuwa nimemeza tembe yangu ya levothairoksini kama kila siku, nimelala vizuri, sina homa. Hata nusu ya njia hatujafika, miguu ikawa kama imefungwa mawe. Mwenzangu mmoja akasema, "Dada, hiyo dawa haikutoshi." Mwingine akamkatiza, "La, dawa yenyewe ndiyo inayokumaliza nguvu." Nikamwamini wa kwanza. Jioni ile, bila kumwuliza daktari, nikaanza kujiongezea nusu tembe.

Lilikuwa kosa, na humu nitaeleza lilinifikisha wapi, pamoja na kosa la pili lililofuata. Tezi yangu ya thairoidi, ile ya shingoni itoayo homoni inayouongoza mwendo wa mwili, ilitolewa kwa upasuaji miaka tisa iliyopita, na tangu hapo mwili wangu hauna homoni hiyo ila ile ninayoimeza. Mimi si daktari. Ninachokijua nimekipata kwenye mabenchi ya kliniki za Nakuru na sasa Kisumu, kwa kuuliza maswali bila kuona haya, na kwa kuandika daftari. Nimeona watu wengi wakiweka viatu kando kabisa wakidhani dawa imewakataza mazoezi. Haijawakataza. Mtu ambaye homoni yake imesawazishwa hukimbia, hulima, hucheza mpira na huinua vyuma kama mwingine yeyote. Mwili ukigoma, kuna sababu, na mara nyingi sababu hiyo huonekana ukiuliza swali moja: hili lilianza lini?

Dakika, siku na wiki

Levothairoksini haina haraka. Nusu ya dozi uliyomeza leo bado itakuwa mwilini baada ya takriban siku saba. Ndiyo maana dozi ikibadilishwa, damu huchukua kama wiki sita kutulia, na daktari hukuambia urudi kupimwa TSH, namba ya damu inayopanda homoni ya thairoidi ikipungua na kushuka ikizidi, baada ya wiki sita hadi nane, si kesho kutwa.

Kwa hiyo jambo linaloanza dakika ya tano ya mlima na kuisha ukikaa kwenye jiwe kwa muda mfupi, ni nadra liwe limeletwa na tembe ya asubuhi ileile. Tazama mwendo wako, joto, mwinuko, maji uliyokunywa, damu yako. Jambo lililokuja ghafla juzi na linakusumbua hata umelala, fikiria ugonjwa mwingine: malaria, mafua, tumbo. Lakini jambo lililoingia polepole, kwamba mwezi uliopita ulikimbia hadi Lanet na kurudi, mwezi huu huwezi kumaliza nusu, hapo ndipo dawa, dozi au namna unavyoimeza huingia kwenye orodha ya washukiwa.

Kuna tofauti moja. Wagonjwa wachache hupewa pia liothaironini, ile homoni inayoitwa T3. Hiyo hufanya kazi kwa saa, si kwa wiki, na inaweza kuupandisha moyo mbio saa chache baada ya kumezwa. Soma pakiti yako ujue unameza ipi.

Dalili za kusimama hapo hapo

Nitasema haya kwanza na kwa ufupi. Acha mazoezi uende hospitali, si kwa kemisti, ukipata kifua kubana au maumivu yanayoelekea taya au mkono, ukizimia, moyo ukidunda bila mpangilio na usitulie hata baada ya kupumzika, pumzi ikikuishia ukiwa umekaa, au mkojo ukitoka rangi ya kahawia baada ya zoezi zito.

Mzee aliyeanzishiwa dawa hivi karibuni, au mtu mwenye historia ya moyo, awe mwangalifu zaidi. Homoni hii huufanya moyo udai oksijeni zaidi. Ndiyo sababu madaktari huwaanzishia watu hao dozi ndogo, mikrogramu 12.5 au 25, na kuipandisha taratibu. Kifua kikianza kubana njiani katika wiki hizo, usingoje tarehe ya kliniki.

Uchovu na miguu mizito

Hili ndilo lalamiko kuu, nami nitakaa hapa zaidi.

*Je, dawa inafika kwenye damu?* Kabla ya kulaumu dozi, tazama meza yako ya asubuhi. Levothairoksini hutaka tumbo tupu na maji matupu, kisha kungoja dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Sasa fikiria asubuhi ya nyumba nyingi za huku: birika liko mezani, chai imepikwa na maziwa, na tembe humezwa kwa ule mkupuo wa kwanza wa chai kwa sababu maji ni baridi. Maziwa yana kalsiamu, na kalsiamu huishika dawa hii tumboni isiingie mwilini inavyopaswa. Kahawa nayo huipunguza. Unga wa uji uliosagwa kwa mchanganyiko wa wimbi, mtama, njugu na soya ni chakula kizuri, ila soya nayo huizuia ikimezwa pamoja nayo. Hakuna kilichokatazwa hapa. Chai inywe, uji unywewe, omena iliwe na miba yake mchana. Kinachotakiwa ni nafasi kati ya tembe na chakula.

Na hapa mazoezi hugeuka kuwa msaada. Ratiba iliyoniokoa ni hii: saa kumi na moja alfajiri nameza tembe na glasi ya maji, navaa viatu, natoka. Natembea au nakimbia dakika arobaini. Nikirudi naoga, na chai nainywa saa kumi na mbili na nusu. Ule muda wa kusubiri uliokuwa ukinikera ndio huohuo niliokuwa nikisema sina kwa ajili ya mazoezi. Ila mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari asitoke na tumbo tupu kabla ya kupanga na daktari wake, kwa maana sukari inaweza kushuka njiani.

Wengine hushauriwa kumeza kabla ya kulala, zikiwa zimepita saa tatu au nne tangu kula. Ni njia halali, lakini kwa nyumba inayokula ugali saa tatu usiku na kulala saa nne, haitafaa. Chagua wakati mmoja unaoweza kuushika kila siku.

*Kuna nini kingine kwenye mfuko wako wa dawa?* Vidonge vya madini ya chuma, vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia zenye aluminiamu, magnesiamu au kalsiamu vinataka kukaa mbali na levothairoksini kwa saa nne. Omeprazo, ambayo watu huinunua kama peremende, hupunguza asidi ya tumbo, na tembe hii huhitaji asidi hiyo ili iyeyuke na kuingia mwilini vizuri. Ukianza omeprazo kwa muda mrefu, mwambie anayekupima TSH.

*Je, unaruka siku?* Naliuliza hili kwa upole kwa sababu nalijua. Pakiti inakaribia kuisha, mshahara bado, basi mtu anameza leo, anaacha kesho, ili ifike mwisho wa mwezi. Kisha wiki ya kliniki anameza kila siku bila kukosa. Matokeo huja yakiwa ya ajabu: TSH iko juu kana kwamba dawa haitoshi, huku homoni ya T4, ile unayoimeza, iko sawa au hata juu. Daktari asiyejua hadithi yako anaweza kukuongezea dozi usiyoihitaji. Mwambie ukweli. Hilo ni jambo la fedha na la kupangwa, halina aibu. Ukisahau tembe ya siku moja, usibabaike, kwa kuwa akiba ya siku zilizopita ingali mwilini. Usimeze kwa fujo kufidia siku nyingi.

*Pakiti imebadilika?* Kemisti akikosa aina uliyozoea, hukupa nyingine. Zote zina dawa ileile, lakini mwili unaweza kuipokea kwa kiasi tofauti kidogo, kwa hiyo ukibadilisha aina ni busara kupimwa TSH baada ya wiki sita hadi nane. Soma pia kipimo chenyewe. Baadhi ya pakiti huandika mikrogramu 100, nyingine huandika miligramu 0.1, na hizo ni sawasawa. Kuna duka moja lililowahi kunipa za 50 mahali pa 100, na kwa sababu sanduku lilifanana, nilimeza mwezi mzima bila kutazama. Tangu siku hiyo nasoma namba kabla ya kuondoka kaunta.

*Umeiweka wapi?* Tembe hizi hazipendi joto, mwanga wala unyevu. Nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 25. Kisumu mchana hupita hapo kwa urahisi, na chini ya mabati zaidi. Ziache ndani ya karatasi yake ya foili, kwenye kabati la chini lenye kivuli, mbali na jiko. Dashibodi ya gari na dirisha la jikoni si mahali pake.

*Damu yenyewe?* Hapa ndipo jibu langu la Menengai lilipokuwa. Nilipokwenda kliniki hatimaye, ilionekana TSH niliyopimwa kabla ya kujiongezea ilikuwa sawa kabisa. Kilichokuwa chini ni damu. Upungufu wa damu na thairoidi iliyolala, yaani isiyotoa homoni ya kutosha, hufanana kama mapacha: uchovu, baridi, pumzi fupi kwenye ngazi. Tena mara nyingine hutembea pamoja, kwani thairoidi ikiwa chini hedhi inaweza kuwa nzito. Ongeza malaria ya mara kwa mara na minyoo, na utaelewa kwa nini huku Kisumu, ukanda wa Ziwa Viktoria, kuna watu wengi wenye damu chache. Tazama viganja na ndani ya kope kama vimepauka. Ukijikuta una hamu ya kutafuna odowa au udongo, usiichukulie kama tabia tu. Mara nyingi ni mwili unaolia kukosa chuma. Omba kipimo kamili cha damu, na ikiwezekana feritini, ambayo huonyesha akiba ya chuma.

Basi nikapewa vidonge vya chuma, na nikafanya kosa la pili: nilivimeza pamoja na tembe ya thairoidi ili nisisahau. Miezi miwili baadaye damu ilikuwa imepanda na TSH nayo imepanda, yaani dawa moja ilikuwa ikiikaba nyingine. Nesi wa kliniki alinitazama akasema, "Mama, chuma ni cha mchana." Maneno hayo nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati.

Moyo kwenda mbio

Hapa narudi kwenye kosa la kwanza. Ile nusu tembe niliyojiongezea haikunifanya chochote siku ya kwanza wala ya tano. Wiki ya nne nikawa silali. Mikono ikatetemeka nikishika kikombe, choo kikawa laini mara tatu kwa siku, jasho likanitoka kanisani watu wengine wamevaa sweta, na kwenye mteremko mdogo wa Milimani moyo ulidunda kama ngoma. Hizo ndizo alama za homoni kuzidi. Nilipoacha nyongeza ile, haikuisha kesho yake. Ilichukua wiki kadhaa, kama ilivyoingia ndivyo ilivyotoka.

Kutofautisha moyo unaofanya kazi yake na moyo unaosukumwa na homoni, hesabu mapigo ukiwa bado kitandani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima, uandike, siku saba mfululizo. Kwa mtu mzima aliyepumzika, kati ya 60 na 100 ni kawaida, na aliyezoea mazoezi huwa chini zaidi. Kinachotafutwa ni mabadiliko yako mwenyewe. Ukizoea 66 na sasa ni 90 kila asubuhi kwa wiki mbili, huna homa, hujalala vibaya, piga simu kliniki uombe kupimwa. Ukihisi mapigo yamepotea mpangilio, mara mawili ya haraka mara kimya, nenda upimwe umeme wa moyo hata kama hakuna maumivu. Homoni ikizidi kwa muda mrefu huongeza hatari ya moyo kupoteza mpangilio, hasa kwa wazee, na hudhoofisha mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

Lakini kama mapigo ya kitandani ni yaleyale na moyo unakimbia tu ukiwa njiani, tazama mambo mengine kabla ya kuishuku tembe. Mwinuko ni mmojawapo. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nakuru ni kama 1,850. Ukingo wa Menengai unazidi 2,200. Iten ni karibu 2,400. Mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu, akienda Nakuru kwa harusi na kukimbia kwa kasi yake ya nyumbani, moyo lazima udai zaidi. Apunguze kasi, ajipe wiki mbili au tatu. Joto nalo hufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili: anayetoka Nakuru kuja kukimbia Dunga, ufukwe wa Kisumu, saa nne asubuhi, hewa nzito ya ziwa, ataona mapigo yakipanda kwa sababu damu imeelekezwa kwenye ngozi ili mwili upoe.

Ukiwa na homa, usikimbie. Kando ya ziwa, homa ipimwe malaria kwanza, kisha ndipo mengine yafuate.

Anayetumia propranolo au dawa nyingine za kutuliza moyo asiitegemee saa ya mkononi kujua bidii yake, kwa kuwa dawa hizo huyashikilia mapigo chini. Tumia mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye bidii ya kadiri.

Neno kwa waliotibiwa saratani ya thairoidi: wengine wetu dozi yetu huwekwa juu makusudi ili TSH ibaki chini. Usishtuke ukisoma namba yako ukilinganisha na ya jirani, wala usiipunguze mwenyewe. Uliza lengo lako ni lipi, na kama moyo unakusumbua kwenye mazoezi, daktari alijue hilo anapopima faida na madhara.

Misuli kukaza na kuuma

Maumivu ya siku mbili baada ya zoezi geni ni ya kila mtu. Yakikaa wiki nzima, au misuli ikikaza usiku, au ukishindwa kuinuka kutoka kigoda bila kujishika, homoni inaweza kuwa chini. Misuli ni wavivu wa kupona. Hata TSH ikisharudi mahali pake, nguvu inaweza kuchukua miezi zaidi kurejea, na hili huwavunja moyo watu waliodhani karatasi nzuri ya maabara ni sawa na miguu mizuri.

Kama tezi yako ilitolewa kwa upasuaji, uliza kuhusu kalsiamu. Nyuma ya thairoidi kuna tezi ndogo nne zinazolinda kalsiamu ya damu, na upasuaji unaweza kuzijeruhi. Dalili yake ni ganzi au kuwashwa kwa sindano sindano kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, na misuli kujikunja yenyewe. Si jambo la kutibiwa kwa ndizi na chumvi. Linahitaji kipimo cha damu, na likiwa kali, siku hiyohiyo. Ukipewa vidonge vya kalsiamu, kumbuka zile saa nne.

Kama unameza dawa ya kushusha kolesteroli pamoja na thairoidi isiyotulia, maumivu ya misuli yana uzito zaidi. Usianze mazoezi makali wiki hizo. Na ule mkojo wa kahawia nilioutaja mwanzo ni dalili kwamba misuli inavunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo.

Kizunguzungu

Mara nyingi ni maji machache na jua. Kisumu ukitoka baada ya saa tatu asubuhi, unalitafuta tatizo. Kunywa kabla ya kiu, toka mapema au jioni.

Lakini kuna kizunguzungu kimoja ambacho ningependa kila mtu akijue. Baadhi ya watu ambao thairoidi yao iliharibiwa na kinga ya mwili wenyewe huwa pia na tezi za juu ya figo zinazoshindwa. Kifua kikuu nacho kinaweza kuziharibu. Mtu huyo akianzishiwa levothairoksini, badala ya kupata nguvu anazidi kuanguka: kizunguzungu akisimama, uzito unapungua, kichefuchefu, hamu ya chumvi, ngozi inazidi kuwa nyeusi kwenye mistari ya viganja na fizi. Asikazwe na mazoezi. Apelekwe hospitali na aseme hayo yote kwa mpangilio, kwani inaweza kuwa hatari ya maisha.

Uzito haushuki

Najua machungu ya hili. Ila thairoidi iliyolala kwa kawaida huongeza kilo chache, mara nyingi mbili hadi tano, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Dawa ikisawazishwa, hizo hupungua. Zilizobaki zinataka chakula na mwendo kama za mtu mwingine. Kujiongezea dozi ili kukonda ni kuuchoma moyo na mifupa. Na yule anayeamini kwamba mazoezi "huchoma" dawa, kwamba siku ya mbio ndefu ni lazima ameze mbili, aache. Mazoezi ya kawaida hayaimalizi. Uzito ukibadilika sana, kupanda au kushuka, hapo ndipo dozi huangaliwa upya.

Sukuma wiki, kabichi na muhogo pia husingiziwa. Vyakula hivi vikiliwa kwa wingi vinaweza kuisumbua tezi inayotengeneza homoni, hasa penye upungufu wa iodini. Wewe unayemeza homoni iliyokwisha kutengenezwa, sahani ya sukuma iliyopikwa haikupunguzii kitu. Kula.

Karatasi ni nzuri, mwili bado

Kwanza hakikisha karatasi inasema kweli. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huweza kuivuruga mashine ya maabara na kuonyesha thairoidi iliyo juu ambayo haipo. Viache siku mbili au zaidi kabla ya kupimwa, na umwambie anayetoa damu.

Kama namba ni za kweli, basi pengine mwili umepoteza mazoea. Mtu aliyelala mwaka mzima kwa uchovu hawezi kuamka na kilomita kumi kwa sababu TSH imeshuka. Mimi nilianza na dakika ishirini za kutembea kwenye tambarare, siku tano kwa wiki, nikaongeza dakika tano kila wiki, na mlima nikauacha hadi wiki ya sita. Siku mbili nilifanya kazi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi, kubeba jerikeni ya lita kumi kila mkono kuzunguka ua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za bidii ya kadiri kwa wiki, na kazi ya misuli siku mbili. Kulima shamba na kutembea hadi soko vinahesabiwa.

Vijana wanaokimbia mashindano, hasa kule Iten na Eldoret, huniuliza kama dawa hii itawaletea kesi. Levothairoksini haimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni. Hata hivyo anayeimeza bila ugonjwa ili apate kasi anajitafutia moyo mbovu, na mwenye ugonjwa aibebe karatasi ya daktari.

Ukishika mimba

Usingoje kliniki ya wajawazito. Mahitaji ya homoni hupanda mapema, mara nyingi kwa robo au theluthi ya dozi, na mtoto huitegemea homoni ya mama katika miezi ya kwanza. Piga simu siku ile kipimo kinapoonyesha mimba. Kutembea kuendelee kama hakuna katazo lingine, na vidonge vya chuma vya kliniki vikae mchana, mbali na tembe ya alfajiri.

Unapokwenda kupimwa

Beba daftari la wiki mbili: saa ya tembe, saa ya chai, mapigo ya kitandani, zoezi gani na liligoma dakika ya ngapi. Beba pia pakiti zote, pamoja na zile za kiungulia na za nywele ambazo hukudhani ni dawa. Na asubuhi ya kutolewa damu, usimeze tembe nyumbani, kwa sababu T4 hupanda kwa saa chache baada ya kuimeza. Itie mfukoni pamoja na chupa ya maji, na uimeze ukishatoka kwenye chumba cha maabara, kabla hujafika kwenye kibanda cha chai.